Aliyemgeuza Sebeya

Inspekta Evode Habineza alipiga goti mbele ya mlango wa chumba cha kompyuta, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Kitasa kilikuwa kimeng'olewa, kinaning'inia kwa skrubu moja. Ndani ya fremu, pale mlango unapolalia ukifungwa, kulikuwa na alama mbili za bisibisi, kila moja pana kama ukucha wa kidole gumba.

"Hiyo nilikuonyesha tangu juzi," alisema Direkta Tuyisenge, aliyesimama nyuma yake mikono mfukoni. "Donc, unatafuta nini tena?"

"Natafuta ambacho hukunionyesha. Funga mlango, Direkta."

Tuyisenge aliuvuta. Mlango ulilala kwenye fremu, na alama zile mbili zikapotea. Evode akaufungua, zikaonekana. Akaufunga, zikapotea tena. Akaandika kwenye daftari lake taratibu, kama mtu anayejua kuwa anatazamwa.

"Bisibisi haiwezi kupita kwenye mbao," alisema. "Hizi alama zilipigwa mlango ukiwa wazi. Huyu mwizi wako aliingia kwa ufunguo, kisha akavunja mlango ambao alikuwa ameshaupita."

"Voilà. Funguo ziko mbili. Moja yangu, moja ya Kayitesi. Mi nilikuambia nini?"

Hapo Direkta alikuwa na hoja, lazima isemwe. Na hoja zake zote zilielekea upande mmoja.

Nyumba ya Picha, aliyoiongoza Tuyisenge, ilikuwa jengo la vyumba vitatu karibu na ziwa. Wachoraji wa Gisenyi walileta michoro yao, na karani, binti aitwaye Kayitesi, aliipitisha kwenye skana, akaitia kwenye disketi. Kila Ijumaa disketi zilikwenda Kigali, na huko mtu mwenye laini nzuri ya simu alizituma kwenye ghala la picha la mtandaoni lililofunguliwa na Wabelgiji. Gisenyi yenyewe, mwaka ule wa tisini na tisa, haikuwa na mtandao. Mtandao ulirudi kwa bahasha: karatasi zilizochapwa maneno ya watazamaji wa huko duniani, nao walikuwa wasemaji.

Waliyemsema zaidi ni Sebeya. Huyu alikuwa mchungaji wa kwenye hadithi za mchoraji Mbarushimana: mtu mrefu, mkuki mkono mmoja, chombo cha maziwa mkono wa pili, nywele zimenyolewa amasunzu, yale matuta ya nywele yanayopinda kichwani kama mwezi mwandamo. Mtu wa Ottawa aliandika kuwa huyo ni mwanaume, hamuoni mkuki? Mtu wa Ghent akajibu ni msichana, hamuoni shingo? Wakabishana kurasa kumi na moja. Ghala lilitaka kila mhusika awe na lebo moja, ya kike au ya kiume. Fishi ya mchoraji, ile kadi ya karatasi yenye saini yake, ilisema: kike.

Lakini ndani ya kompyuta, lebo iligeuka yenyewe ikawa kiume. Kayitesi akairudisha. Ikageuka tena, akairudisha tena. Jumanne asubuhi ndipo mlango ulipokutwa umevunjwa, fishi haipo, na Sebeya ni mwanaume kwa mara ya tatu. Wabelgiji nao walikuwa wameandika kwamba wanachapa kitabu cha wasichana wa hadithi, na wanamtaka Sebeya kwenye jalada, mradi lebo ithibitishwe kwa disketi ya Ijumaa. Ijumaa ilikuwa kesho.

Kayitesi alikuwa mahabusu tangu Jumanne ile ile. Mji mzima ulisema Sebeya ni sura yake, eti Mbarushimana anamchora kwa sababu anamtaka. Jumamosi wazee wa Jado, kijana wa Nyamyumba, walipaswa kuja kumposa. Msichana gani, aliuliza Direkta, angetaka wakwe zake wamkute kwenye jalada la kitabu, amechorwa na mume wa mtu? Kwa hiyo alimgeuza mwanaume, akavunja mlango kujifunika. Hoja safi, na kama asingetoka kabla ya Jumamosi, hakuna mkwe ambaye angekuja kuposa mahabusu.

"Nichapie ukurasa wa Sebeya kama ulivyokutwa Jumanne," alisema Evode. "Lebo na maelezo, yote."

Mashine ya kuchapa ilikwaruza muda mrefu. Direkta aliing'oa karatasi akampa bila kuitazama.

*

Kayitesi aliletwa kwenye meza ya brigedi, kituo cha polisi, akiwa amevaa sketi ile ile ya Jumanne. Alikuwa amelia, lakini alikuwa amenawa uso.

"Chef, mi sikugusa," alisema kabla hajaketi. "Mi nilikuwa narudisha tu. Mwenye picha aliandika kike, mi naandika kike. Ndiyo kazi."

"Watu wanasema picha ni wewe."

"Watu waseme. Mi niko na shingo fupi, angalia." Aliivuta kola. Kweli shingo ilikuwa fupi. "Nilimuuliza Mbarushimana mwenyewe. Akasema haiko mi. Nikamuuliza ni nani basi, akanyamaza."

Evode alimsogezea karatasi. "Haya maelezo ya chini ni yako?"

Kayitesi alisoma, midomo ikicheza. Yalikuwa ya Kifaransa, mistari miwili: *Nywele za amasunzu. Mwanamke aliyeolewa hanyoi amasunzu, kwa hiyo mhusika ni mwanaume.*

"Hapana. Mi niliandika: msichana mchungaji, na mkuki wa baba yake. Basi. Hii mutu mwingine aliandika." Akairudisha. "Chef, Jumamosi iko kesho kutwa."

"Najua."

"Mama amepika pombe ya mtama ya watu thelathini."

Evode alimrudisha mahabusu mwenyewe, akamfungulia dirisha dogo la juu, akaondoka.

*

Nyumba ya Mbarushimana, kule Mbugangari, ilikuwa na milango miwili ya mbele. Wa kushoto ni karakana yake ya mabango ya maduka. Wa kulia ni cherehani ya mkewe, Joanita. Kati ya milango hiyo kulikuwa na ukuta mwembamba, na Joanita alikuwa amebandua tofali moja ili aone upande wa pili. Hakulificha tundu lile. Alimuonyesha Inspekta kama mtu anavyoonyesha dirisha.

"Mi sitakudanganya, chef," alisema, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Mi niko na wivu. Niliolewa nayo, ilikuja na masanduku yangu. Ile picha, siku ya kwanza niliiona, nilikosa kula."

"Ulitaka Sebeya awe mwanaume?"

"Nilitaka awe mbuzi. Lakini mwanaume ingetosha. Mutu akiniuliza bwana yako anachora nani, nasema anachora kijana fulani, mambo inaisha."

"Ulikwenda Nyumba ya Picha kubadilisha?"

Joanita alicheka hadi uzi ukakatika. "Na ordinateri, ile kompyuta yao? Mi hata simu naogopa. Jumatatu na Jumanne nilikuwa Goma kwa shangazi, waulize watu wa barriere ya mpaka, walipiga muhuri."

Evode aliuangalia muhuri. Ulikuwa hapo, wa kutoka na wa kurudi. Mshukiwa mzuri kabisa akawa amepotea, tena na wivu wake wote mkononi.

Alikuwa anainuka kuondoka alipouliza, kwa kupoteza muda tu, "Lakini mama, hata mimi nilipoiona niliona mwanaume. Si nywele za wanaume zile?"

Cherehani ilisimama. "We ulizaliwa wapi?"

"Karagwe. Wazazi walikimbilia Tanzania mwaka wa sitini na mbili."

"Ah, bon. Ndiyo maana." Joanita alimtazama kwa huruma ambayo hakuiomba. "Sikia. Zamani amasunzu walikuwa wananyoa vijana, na wasichana pia. Musichana akifika umri wa kuolewa ananyolewa amasunzu, watu wanajua huyu hana bwana, njoo upose. Siku anaolewa, anaacha nywele inakua. Akizaa anafunga urugori kichwani, ile taji ya ubua wa mtama. Donc, ukiona mutu na amasunzu, unauliza tu: kijana, ao musichana?"

"Huulizi kama ni mke wa mtu."

"Utauliza namna gani? Nywele ilishakujibu."

Evode alirudi kuketi. Alitoa karatasi, akasoma tena mistari ile miwili, na safari hii akasoma kama Mnyarwanda wa nyumbani. Ottawa na Ghent walikuwa wamebishana kurasa kumi na moja, kijana au msichana, mkuki au shingo. Hakuna hata mmoja aliyetaja ndoa. Kayitesi hakuwa ameolewa. Joanita alimwonea wivu msichana. Sasa huyu aliyeandika *mwanamke aliyeolewa*, huyo mwanamke aliyeolewa alimtoa wapi?

Alikwenda upande wa pili wa ukuta. Mbarushimana alikuwa anapaka herufi za bango la kinyozi. Mtu mwembamba, mpole, mwenye rangi mpaka masikioni. Nyuma yao cherehani ilikaa kimya, maana tundu la tofali lilikuwa kazini.

"Aliyekaa mbele yako ukamchora Sebeya," alisema Evode, "ni mke wa mtu?"

Brashi ilisimama katikati ya herufi. "Nani alikuambia?"

"Karatasi."

"Mi nilikula kiapo, chef. Nilimuambia yule mama, mdomo wangu utabaki umefungwa. Bibi yangu mwenyewe ananinyima chakula wiki tatu sasa, sijasema. Sitakuambia we."

"Kuna binti yuko ndani kwa ajili ya kunyamaza kwako."

Mbarushimana aliweka brashi chini. "Muite yeye mwenyewe," alisema mwishowe. "Akitaka aseme, ni mambo yake. Anaitwa Mutoni."

"Mutoni wa nani?"

"Wa Direkta."

Upande wa pili wa tofali, Joanita alisema "Yoo" kwa sauti ya chini, na ilikuwa yoo ya mtu aliyetuliwa mzigo.

*

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Evode alikuwa amekaa na nguo hiyo siku mbili, akipewa chai. Alituma askari mmoja nyumbani kwa Tuyisenge na ujumbe mfupi kwa mkewe: aje, ni kuhusu picha aliyochorwa Mbugangari. Yeye akarudi Nyumba ya Picha, akaketi mbele ya Direkta, akaweka karatasi kati yao.

"Haya maelezo ni mazuri. Kifaransa kimenyooka. Nani aliyeandika?"

"Kayitesi, nilishakuambia."

"Kayitesi angejitetea kwa kusema mke wa mtu hanyoi amasunzu? Yeye si mke wa mtu. Angekuwa anajitetea dhidi ya nini?"

"Ni desturi tu. Kila Mnyarwanda anaijua."

"Anaijua, ndiyo maana hawezi kuiandika hapa. Mwenye kujua desturi akiona picha hii anaona kijana au anaona msichana. Wewe peke yako uliona mwanamke mwenye mume, ukakasirika kwamba amevaa nywele za msichana. Ulikuwa unabishana na picha, Direkta. Na funguo ziko mbili."

Tuyisenge alinyoosha kola ambayo ilikuwa imenyooka tayari. Evode alimwacha. Aliwahi yeye mwenyewe, ujanani, kumpigia mkewe hesabu ya dakika za kwenda kisimani na kurudi, na alijua mtu wa namna hiyo hasukumwi, ukimnyamazia anasema.

Aliyesema kwanza, hata hivyo, alikuwa mlangoni. Mutoni aliingia bila kubisha, kitambaa kichwani, mwavuli mkononi. Inspekta hakuhitaji kuuliza jina. Shingo ilikuwa ile, na ule mdomo uliokunjwa kidogo upande wa kushoto.

"Ulinifuata Mbugangari?" alimuuliza mumewe.

"Mara mbili."

"Na hukuingia."

"Niingie niulize nini?" Sauti ya Direkta ilikuwa imekwisha kubadilika. "Nilisimama kwa duka ya ng'ambo. Nikakuona umekaa kwenye kiti, na yeye anakutazama. Saa mbili nzima. Mi ni bwana yako miaka saba, sijawahi kukutazama saa mbili. Iliniuma, Mutoni. Iliniuma hapa. Halafu picha inakuja mezani kwangu, na we uko na amasunzu, kama musichana ambaye hajajua bwana. Mi nilifutwa. Nikasema bon, kama mi nimefutwa, na huyu mwanamuke afutwe. Nikamuandika mwanaume. Kayitesi akarudisha. Nikaandika tena, akarudisha. Kisha wanataka kukuweka kwenye kitabu, dunia yote ikutazame kama yule alikutazama."

"Basi ukamfunga Kayitesi," alisema Evode.

"Alikuwa anarudisha," alisema Tuyisenge, kana kwamba hilo lilitosha.

Mutoni aliweka mwavuli juu ya meza. "Huyo si mimi," alisema. "Ni Keza."

Tuyisenge aliinua kichwa.

"Keza ni nani?" aliuliza Evode.

"Mdogo wangu. Tulivuka kwenda Goma pamoja, na kipindupindu kilimkuta kule, mwaka wa tisini na nne. Alikuwa na miaka kumi na tisa, hakuolewa. Picha zake zote zilibaki kwenye nyumba iliyoungua. Nilikuwa nimeanza kusahau uso wake, Inspekta. Asubuhi nikijitazama kwenye kioo ndipo namkumbuka, kwa sababu tulifanana kama shilingi kwa ya pili. Nikaenda kwa Mbarushimana, nikamuambia, chukua huu uso wangu umpe yeye. Na umnyoe amasunzu, alizinyoa siku moja kwa ngoma ya shuleni Mudende, akakataa kuzitoa wiki nzima."

"Kwa nini hukuniambia?" alisema Tuyisenge.

"Nilikuambia. Tulikuwa mezani, nikataja jina lake. Ukasema nyumba hii haili chakula pamoja na wafu. Nikajua jina lake halina kiti kwako, nikalitafutia mahali pengine." Alimgeukia Evode. "Ile fishi iko wapi?"

Evode alimtazama Direkta.

"Niliichoma," alisema Direkta.

"Uliisoma nyuma?"

"Nyuma kulikuwa na nini?"

"Jina lake na la kijiji chetu na mwaka aliozaliwa. Nilimuomba Mbarushimana ayaandike pale, wasiyaone wateja. Ungeigeuza tu, Tuyisenge. Ungeigeuza kabla ya kuwasha kiberiti."

Direkta wa Nyumba ya Picha alifunika uso kwa mikono miwili. Inspekta alimpa muda wa kutosha kulia, si zaidi. Kisha akamketisha mbele ya kompyuta, akamsimamia, na Tuyisenge akairudisha lebo ya kike kwa kidole kimoja, akafuta mistari yake miwili. Maelezo mapya alimuuliza mkewe, naye akamwambia aandike alichoandika Kayitesi. Disketi ikatiwa kwenye bahasha, bahasha ikapigwa muhuri wa brigedi. Baada ya hapo Evode alimsomea makosa yake: taarifa ya uongo kwa polisi, kuharibu nyaraka, kumsingizia mtu. Tuyisenge alitia saini yote bila kusoma.

*

Kayitesi alitolewa saa kumi alasiri. Evode alimrudishia mkanda na saa yake, akamwambia kwa maneno rasmi kuwa hana kosa, kisha akamwomba radhi kwa maneno yasiyo rasmi. Mutoni alikuwa amesimama kando ya uzio. Hakutaka kurudi nyumbani, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

"Asante, chef," alisema Kayitesi. Hakuwa na furaha. "Lakini watu wa Jado walituma mutu leo asubuhi. Jumamosi hawakuji."

"Nitawaandikia. Nitawaambia hukuiba kitu."

"Haiko mambo ya kasho, ya kufungwa. Mambo ni ile picha. Wanasema ni mimi. Wanasema Jado ni mutu wa wivu, hataweza kulala na musichana ambaye bwana ya mutu amemuchora. Ukiwaandikia, watasema polisi anajua nini ya picha?"

Sheria ilikuwa na dawa ya kufuli, siyo ya hilo.

"Wanakaa wapi?" aliuliza Mutoni.

Kayitesi aligeuka. Alimtazama mke wa Direkta wake, akaitazama shingo ile, na polepole akaelewa. "Nyamyumba," alisema. "Karibu na maji ya moto."

"Tukichukua pikipiki mbili tunafika kabla ya giza." Mutoni alikuwa ameshafungua kitambaa chake na kukifunga upya, vizuri zaidi. "Nitakaa mbele yao wanitazame. Kisha nitawaambia aliyechorwa ni nani."

"Mama, fikiria vizuri," alisema Evode. "Wale ni wazee wa kuposa, wanachimba. Watataka kujua Keza alikuwa mtoto wa nani, alikufaje, alizikwa wapi, na kwa nini mumeo alimgeuza mwanaume. Watakuuliza kila kitu."

"Waniulize, Inspekta," alisema Mutoni. "Miaka mitano sasa, hakuna mtu aliyeniuliza hata moja."